Mjomba Alipokatika Hewani

Mama alihamia kwangu, kijijini Ndama, baada ya kuvunjika nyonga. Aliteleza kwenye majani ya migomba yaliyolowa, asubuhi ya kawaida kabisa, akiwa anaenda kukata mkungu. Alipotoka hospitali akiwa na magongo mawili, mimi na wadogo zangu tulikubaliana kwamba asikae peke yake tena. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yangu iko katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka mpaka madirishani, na ndani huwa na kimya cha kijani ambacho mgeni hukipenda kwa siku mbili za kwanza. Mama alikivumilia wiki moja.

"Hapa kwako," aliniambia, "mtu anaweza kufa akadhani amelala."

Alichotaka ni redio, tena redio moja tu. Wodini alikuwa amelazwa kando ya mama mmoja wa Kyerwa, kule kwenye nyika za wafugaji alikozaliwa mama yangu pia, na mama yule alikuwa akifungua kwenye simu kituo kidogo cha huko kwao. Mama alilala wiki nyingi akisikia, kutoka kitanda cha jirani, mvua zinavyotangazwa kwenye vijiji alivyovijua akiwa msichana. Sasa alitaka na yeye ayasikie hayo akiwa kwangu. Mawimbi ya kituo kile hayavuki vilima kutufikia. Nilipoizungusha redio yangu ya betri hadi kwenye masafa yake, ilitoa mvumo mrefu tu, kama mvua inayonyesha wilaya nyingine.

Basi nikakifungua kwenye simu yangu, mtandaoni, nikaunganisha spika ndogo isiyo na waya, nikaiweka karibu na kichwa chake. Sauti ikaja safi. Mtangazaji alikuwa anasoma salamu. Mama akatabasamu, akalaza kichwa. Dakika chache baadaye ikanyamaza.

Nilijifunza mengi mwaka ule ambayo hakuna chuo cha ualimu kilichonifundisha. Kwanza niligundua kwamba kila kioo cha simu kinapozima, simu hujiona haina kazi na kuifunga redio ili iokoe chaji. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mpaka nikapata mahali pa kuiambia iiache redio peke yake. Siku iliyofuata ikapiga saa nzima, halafu kikaja kile kiduara kinachozunguka bila kufika popote. Nilizunguka nacho nyumba nzima. Jikoni hakuna mtandao, chumbani ni kidogo, ila kwenye dirisha la mashariki, simu ikiegemezwa kwenye nondo, ulikuwa unatosha. Mvua ikinyesha na majani ya migomba yakibeba maji, hata hapo haukutosha. Nikajaribu kuishusha simu kutoka mtandao wenye kasi hadi ule wa zamani, wa taratibu. Sauti ikafifia kidogo, kama mtu anayeongea amefunika mdomo kwa kitenge, lakini haikukatika tena.

Kulikuwa pia na asubuhi moja ambapo kituo kilikataa kabisa kufunguka. Nilizima simu nikaiwasha, nikafuta ukurasa nikaufungua upya, wapi. Mama alinitazama kama anayetazama mtu akihangaika na ng'ombe aliyegoma kusimama. Mwishoni nikaazima simu ya jirani, nikajitambulisha kwa ujumbe kwenye namba iliyokuwa chini ya ukurasa wao. Nikapigiwa na msichana mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye fundi mitambo wa hapa. Tulibadilisha anuani ya matangazo juzi, simu yako bado inashikilia ile ya zamani. Ingia kwenye kivinjari, ufute kumbukumbu zake, halafu utufungue upya."

Nikafanya alivyosema, tukiwa bado tunaongea kwa simu ya jirani. Nyuma ya sauti yake nilisikia studio: mwanamume akisoma tangazo la chanjo ya mifugo. Fundi akaniaga, nikakata simu. Nilikuwa nimeshasimama dirishani nikiwa na simu yangu mkononi ilipofunguka, na yule mwanamume akaanza kusoma tangazo lilelile, tangu mwanzo, kwa pumzi zilezile.

"Linachelewa," nikamweleza mama. "Sisi tunasikia kama dakika moja nyuma yao."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo anachosema sasa hivi, ameshamaliza kukisema?"

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe sasa yuko wapi?"

Nadhani swali lake mwenyewe lilimpendeza. Tangu siku ile alisikiliza akiwa amefumba macho, na mara nyingine akawa ananisimulia mambo ambayo redio haikuyasema. "Upepo umegeuka huko," angesema, kwa sababu kipaza sauti kilinasa mvumo. "Wanaingiza ndama sasa." Mimi narudi kutoka shule, natua daftari za wanafunzi mezani, na chumba kizima kimejaa nyika. Nje ni migomba imesimama tuli, ndani ni kwato na filimbi na nyasi ndefu. Kuna jioni nilizokaa pale bila kuwasha taa wala kubandika chungu, sijui kama nilikuwa nasikiliza redio au namsikiliza mama akipumua.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Ilikuwa alasiri, mvua imepita, jua linajitokeza huku matone yakiendelea kudondoka kwenye majani. Nilikuwa nimeketi sakafuni namenya ndizi. Mama alikuwa kwenye kochi, macho amefumba. Kulikuwa na kipindi cha wafugaji kikirushwa moja kwa moja kutoka mnadani, na mtangazaji alikuwa akitembea katikati ya watu na ng'ombe. Tulisikia miluzi, tulisikia mtu akicheka kwa mbali. Akasema amempata mzee mmoja mwenye ng'ombe wenye pembe ndefu, wazuri kuliko wote aliowaona siku hiyo, akamuuliza ni nani aliyemfundisha kuchunga.

"Baba hakunifundisha," sauti ikajibu. "Baba alikuwa mkali, mtoto unaogopa hata kumuuliza. Mimi nilifundishwa na dada yangu."

Mama akafumbua macho.

Ilikuwa sauti ya mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, anayapita maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi sikuitambua. Mama aliinua mkono mmoja hewani, akaubakiza pale, kama mtu anayezuia mlango usifunge.

"Dada yangu huyo," sauti ikaendelea, "mpaka leo..."

Simu ikaita.

Redio ikanyamaza, kama inavyofanya kila simu inapoingia. Niliruka kutoka sakafuni, nikakimbilia dirishani niikate. Vidole vyangu vilikuwa na utomvu wa ndizi na kioo hakikunisikia. Nilibonyeza, nikafuta kidole kwenye gauni, nikabonyeza tena. Ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na sauti iliporudi alikuwa ni bwana mifugo akieleza habari za kupe na josho.

"Rudisha," mama akasema.

"Mama, hairudi nyuma. Ni matangazo ya moja kwa moja."

"Rudisha kidogo tu. Alikuwa hajamaliza."

"Ulimjua?"

"Ni mjomba wako," akasema.

Mjomba nilimwona mara ya mwisho kwenye msiba wa bibi, zaidi ya miaka kumi nyuma. Wakati ule mama alikuwa anaishi Nyakakika na marehemu baba. Bibi alifariki ghafla, simu hazikuwa zikipatikana, na aliyetumwa kuleta taarifa alikwama njiani kwa mvua. Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu wameanza kurudi makwao. Mjomba alisimama mbele ya waombolezaji wote waliobaki akasema kwamba waliojenga kwenye migomba wamesahau waliowalea. Mama aliweka kiganja kwenye udongo wa kaburi, akageuka, tukaondoka siku hiyohiyo. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Namba zilibadilika, watoto wa pande zote mbili tukakua tukijua kwamba hilo haliulizwi.

Aliyekuwa amenipigia ni mwalimu mwenzangu, anauliza funguo za kabati la vitabu ziko wapi. Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili, na Jumatatu nilimwomba radhi.

Usiku ule mama hakula. Hakulia wala kulalamika, ila kila nilipopita alikuwa ananitazama kama ninayeficha kitu kwenye mfuko wa gauni. Nikamwandikia fundi wa redio. Nilimweleza yote, hata ya kaburini, jambo ambalo sijui kwa nini nililifanya kwa mtu nisiyewahi kumwona. Akanipigia Jumatatu mchana nikiwa shuleni.

"Mwalimu, nimetafuta kila mahali," akasema. "Huwa tunarekodi kila kinachorushwa. Lakini diski ya kurekodia ilijaa tangu katikati ya wiki, nami sikuwa nimeitazama. Kipindi kile hakipo."

"Hakipo kabisa?"

"Kilikwenda hewani tu. Ni kosa langu, nisamehe."

Nilisimama chini ya ukingo wa paa la darasa. Watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Nikawaza maneno ya mjomba yakiwa yamepita juu ya vilima vyote vile, juu ya mito na minara, na hakuna hata chombo kimoja kilichoyashika.

"Ngoja," fundi akasema. "Tuna kundi la wasikilizaji kwenye simu. Nitawauliza. Lazima kuna mtu alisikia."

Majibu yalikuja jioni, akanitumia jinsi yalivyo. Msikilizaji wa kwanza, mwenye duka, alisema anakumbuka vizuri: mzee alisema mpaka leo hajaona mtu wa kumfikia dada yake kwa kukamua. Wa pili, mama mmoja aliyekuwa anapika wakati huo, alisema hapana, mzee alisema mpaka leo hawajui dada huyo alipo. Wa tatu alikuwa na uhakika kuliko wote. Alisema mzee alisema dada yake alishafariki, na mpaka leo humwombea kila Jumapili kanisani.

Nilifikiria kumpelekea mama lile la kwanza peke yake. Nilishindwa. Nilimsomea yote matatu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo mimi ni hodari, nimepotea, na nimekufa," akasema. "Nitafutie gari."

"Nyonga haijapona, mama. Ile barabara unaijua."

"Nitafutie gari."

"Basi nimpigie kwanza. Fundi anaweza kutupatia namba yake kwa mtangazaji."

"Usimpigie. Akijua ninakuja atatafuta la kusema. Mimi nataka lile alilolisema bila kujiandaa."

Jirani yetu mmoja ana gari ambalo hubebea kahawa yake msimu ukifika. Alikubali kutupeleka Jumamosi iliyofuata. Tuliweka godoro kiti cha nyuma, mama akalala juu yake ameegemea mto, magongo yake miguuni. Tulianza safari ukungu ukiwa bado umekaa mabondeni. Kwa saa ya kwanza dunia ilikuwa ileile tunayoijua: migomba, mibuni, nyumba za bati zinazochungulia, kanisa, migomba tena. Baadaye vibanja vikaanza kuachana. Kukawa na nafasi kati ya nyumba na nyumba, halafu nafasi ikawa kubwa kuliko nyumba. Ukungu ukanyanyuka, na nyasi zikawa zinalala na kuinuka upande wa upepo mpaka macho yanapochoka. Mama alishusha kioo. Vumbi likaingia, sikumkataza. Alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo, kama mtu anayekunywa.

Mtangazaji alikuwa amemwelekeza fundi, fundi akanielekeza mimi: ukipita kigango cha Wakatoliki chenye mnara mweupe, shika njia ya ng'ombe kulia. Nyumba ya mjomba ilikuwa mwisho wa njia ile, na zizi kubwa la miti lilikuwa mbele yake. Yeye alikuwa amekaa langoni mwa zizi anasuka kamba. Alilitazama gari letu likikaribia bila kuinuka, kama mtu anavyoangalia gari lililopotea njia. Nikamfungulia mama mlango. Lilitoka gongo moja, la pili, kisha mama.

Kamba ikamponyoka mjomba.

"Shikamoo mjomba," nikasema, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu.

"Marahaba," akajibu, bila kunitazama.

Mama alitembea mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka kwenye lile gogo alilokalia. Hatukuthubutu kumsaidia. Akakaa. Wakawa wanaangalia ng'ombe, wote wawili, sio nyuso zao. Ilipita muda mrefu kiasi kwamba jirani yetu alirudi garini akazima injini.

"Nilikusikia redioni," mama akasema kwa Kinyambo, lugha yao ya nyumbani. "Ulisema dada yako mpaka leo. Simu ya huyu ikakukata. Mpaka leo nini?"

Mjomba alikunja uso akikumbuka. "Siku ya mnada?"

"Ndiyo."

"Sikumbuki," akasema. "Yule kijana alikuwa amenisogezea kile kidude mpaka mdomoni, na dume langu lilikuwa linataka kukimbia. Halafu Kiswahili. Nikisema Kiswahili nakuwa kama nimevaa viatu vya mtu. Sikumbuki kabisa."

Nilimwangalia mama. Nilidhani moyo ungemvunjika, safari yote ile, nyonga ile. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Basi sema sasa," akamwambia. "Hakuna kidude hapa."

Mjomba aliokota kamba yake, akaifumua pale alipokosea. Alisema akiwa anaitazama kamba.

"Mpaka leo nikikamua naimba ule wimbo wako. Nisipouimba ng'ombe hawashushi maziwa. Wanangu wameujua hivyohivyo, wanadhani ni wa kwetu tangu mababu. Sijawahi kuwaambia uliutunga wewe."

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Taarifa ya msiba ilinifikia siku moja baada ya kuzika. Ulijua hilo?"

"Nilikuja kujua."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Yule tuliyemtuma alikuja akaniambia alikwama kwa mvua."

"Mwaka uleule," mama akarudia. "Na hukuniambia."

"Niliona aibu. Kila mwaka aibu ilikuwa inazidi, sio inapungua. Nikaona bora unichukie kwa lile la kaburini kuliko unichukie na kwa hili pia."

Nilitegemea amkumbatie, au amkemee. Mama alisema tu kwamba kiu imembana. Mke wa mjomba akatoka na maziwa kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti kilichofukizwa moshi, na mama akanywa taratibu mpaka akamaliza, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Alikuwa na hasira bado, nilimjua. Alikaa na hasira yake mchana kutwa kwenye gogo lilelile, mjomba kando yake akisuka kamba. Jirani aliporudi kuuliza kama tunaondoka, mama alimwambia atangulie.

Tulilala pale. Jumapili alfajiri niliamshwa na sauti zao wakibishana. Nilitoka nimejifunika shuka. Umande ulikuwa mzito, na ukungu umefunika zizi lote isipokuwa pembe, nazo zilikuwa zinakwenda taratibu huku na huku juu ya ule weupe. Mama alikuwa kwenye kiti kandokando ya ng'ombe mwekundu. Mjomba alikuwa amechuchumaa, chombo kati ya magoti, anaimba, na mama akamkatisha.

"Hapo unakosea. Hauendi hivyo."

"Unaenda hivi. Nimeimba hivi miaka yote."

"Umeimba vibaya miaka yote. Anza tena."

Mjomba akaanza tena. Mama akaingia katikati, sauti yake ikiwa imekauka, mistari mingine ameisahau kabisa, wakawa wanasaidiana kuitafuta, huyu akileta neno, yule akilikataa. Ng'ombe alisimama akiwasubiri. Mjomba akageuka akaniona.

"Mwana wa dada," akaniita, "njoo ushike huyu ndama, anatusumbua."

Nikaingia zizini miguu mitupu, nikashika kamba ya ndama. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, akanivuta mpaka nikachafuka matope magotini, na sikumwachia mpaka maziwa yalipoanza kushuka.